Kwa msaidizi mpya wa mwongozaji: misafara ya miguu kwenye milima mirefu

Kabla ya kuifungua ramani ya njia, chukua karatasi uandike safu moja tu ya namba: mwinuko wa kila mahali mtakapolala. Kilomita ziache kwanza. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kutembea kilomita 20 bonde kwa bonde asidhurike, kisha akapanda kilomita 6 tu akalala mahali pa juu mno, na usiku huohuo akaanza kutapika. Usingizini pumzi hupungua, oksijeni ya damu hushuka kuliko mchana, na hapo ndipo mwili usiokuwa tayari unapoumbuka kwa ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na uhaba wa oksijeni juu.

Kanuni ya kushika ni hii: mkishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kutoka pa jana, na kila baada ya siku 3 au 4 mlale palepale kwa usiku wa pili. Milima haikupangwa kwa kufuata kanuni, kwa hiyo utakuta ngazi zisizolingana. Njia ya kwenda kambi ya chini ya Everest inalionyesha hilo vizuri. Phakding ni mita 2,610, Namche ni 3,440. Hapo mmepanda mita 830 kwa siku moja, ndiyo maana ratiba yenye akili huwaweka wageni Namche usiku 2. Tengboche ni 3,860, Dingboche 4,410, na hapo tena usiku 2 kabla ya Lobuche, 4,940. Ukiona ratiba iliyofuta mojawapo ya hizo siku za kukaa, jua kuna mtu aliyeiuza kwa bei rahisi na wewe ndiye utakayelipa tofauti. Kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, kutoka Horombo, mita 3,720, hadi Kibo, 4,720, ni ngazi ya mita 1,000, na usiku huohuo watu wanaanza kuelekea mita 5,895. Siku ya ziada Horombo haiwi anasa hata kidogo.

Siku ya kukaa si siku ya kulala hemani. Asubuhi wapandishe wageni mita 300 au 400 juu ya kambi, wakae kidogo, kisha washuke kula na kulala. Anayelala mchana kutwa hupumua kwa uvivu na huamka na kichwa kizito.

Ratiba ikivurugika, tuseme ndege imechelewa siku 2 kwa ajili ya ukungu, wageni watakuja na pendekezo lilelile kila mara: turuke siku ya kukaa, tutaifidia. Jibu ni kukata ncha ya safari. Mtafika kijiji kimoja chini ya pale mlipopanga, mtarudi wazima. Mweleze kiongozi wako mapema, kabla wageni hawajaanza kupigiana kura.

Kazi yako kubwa ya kila siku itakuwa jioni, baada ya chakula. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Lake Louise, kilichorekebishwa mwaka 2018. Unauliza mambo manne: kuumwa kichwa, kichefuchefu au kukosa hamu ya kula, uchovu, na kizunguzungu. Kila kimoja unakipa 0 hadi 3. Mtu aliyepanda juu karibuni, anayeumwa kichwa, na jumla yake ikafika 3 au zaidi, ana ugonjwa wa mwinuko. Andika namba hizo kila jioni kwenye daftari, jina kwa jina, pamoja na mwinuko wa kambi. Namba moja pekee haisemi mengi. Inayosema ni ile inayopanda jioni hadi jioni.

Usiwaulize watu mezani, mbele ya wenzao. Hakuna atakayekiri. Mtu aliyeweka akiba miaka miwili kwa ajili ya safari hii atakwambia yuko salama huku sahani yake haijaguswa. Kwa hiyo tazama sahani kabla ya kuuliza. Tazama nani aliingia kambini wa mwisho wakati jana alikuwa wa pili, nani hajafunga kamba za viatu, nani ameacha utani. Watu wanaojitangaza kuwa wakimbiaji wa mbio ndefu ndio wa kuchungwa zaidi: siha haimkingi mtu na ugonjwa huu, ila humwezesha kuufikia mapema.

Kichwa huuma pia kwa jua na kwa kukosa maji. Mpe lita moja ya maji anywe taratibu, dawa ya kutuliza maumivu, na saa moja au mbili za kupumzika kivulini. Kikitulia, sawa, aendelee kuchunguzwa. Kisipotulia, asipande. Wenye kazi hii wana msimamo mmoja hapa: anayeugua juu ya mita 2,500 hesabu kuwa ni mwinuko mpaka jambo jingine lithibitike. Utakosea mara chache, na kosa lako litakuwa la kumpumzisha mtu mwenye mafua.

Kuna sura mbili za ugonjwa huu zinazoua, na zote mbili lazima uzitambue gizani, kwa taa ya kichwani. Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mgonjwa anachanganyikiwa, ana usingizi usio wa kawaida, anatembea kama mlevi. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole, hatua 10. Akiyumba au akishindwa, hakuna cha kujadili. Ya pili ni maji kwenye mapafu, ambayo mara nyingi hujitokeza usiku wa pili hadi wa nne baada ya kufika juu. Dalili ya mwanzo ni ndogo mno kiasi kwamba watu huipuuza: mtu anahema akiwa amekaa kitako. Baadaye anakohoa, hawezi kulala chali, kifua kinakoroma kama maji yanayochemka kwa mbali. Makohozi yenye povu la rangi ya waridi ni ishara ya mwisho, usiingoje.

Dawa ya zote mbili ni kushuka, sasa hivi, hata kama ni saa 8 usiku, ilimradi njia inapitika bila kumvunja mtu mguu. Mita 300 hadi 1,000 kwa kawaida hubadilisha hali. Mwenye maji kwenye mapafu asitembee mwenyewe kama kuna namna ya kumbeba, maana kila juhudi huongeza maji. Na mgonjwa hashuki peke yake, wala na mwenzake wa hemani aliyechoka. Anashuka na mtu wa msafara anayejua njia na mwenye mawasiliano. Oksijeni na mfuko wa shinikizo, ule anaolazwa mgonjwa ndani na kupampiwa hewa, ni vya kukununulia saa chache wakati kushuka hakuwezekani. Mfuko huo hupampiwa bila kukoma, kwa sababu pampu ndiyo inayomletea hewa safi. Jifunze kuutumia chini, mchana, na mtu mzima ndani yake.

Kuhusu dawa, neno fupi. Asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kama Diamox, huharakisha mwili kuzoea. Kipimo cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, na daktari ndiye anayemwandikia kabla ya safari. Vidole vitachonyota, atakojoa mara nyingi, na soda itakuwa na ladha mbaya. Hizo si dalili za ugonjwa. Deksamethasoni na nifedipini ni za dharura, zinabaki kwa aliyefunzwa kuzitumia. Dawa za usingizi na pombe mkishapita mita 3,000 zizuie kwa ukali. Zinadidimiza pumzi wakati ambapo pumzi ndiyo pekee tuliyo nayo.

Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinapendwa kupita thamani yake. Mkono wa baridi au rangi ya kucha hukidanganya, na asilimia 80 na kitu kwenye mita 5,000 yaweza kuwa hali ya kawaida kabisa. Wageni wakianza kushindana kwa namba, kifiche. Waeleze pia kuhusu pumzi ya usiku: juu huko mtu aliyelala hupumua haraka, akasita sekunde kadhaa, kisha akavuta kwa nguvu. Mwenzake wa hemani hudhani amekufa. Ni kawaida.

Mwendo sasa. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliweka hesabu ambayo bado inatumika: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Ni hesabu ya vilima vya chini na watu wenye siha. Kwa kundi lenye watu mchanganyiko kwenye mita 4,000, mita 300 za kupanda kwa saa ni mwendo mzuri. Juu ya 5,000 panga nusu ya hapo. Mwongozaji mmoja mbele, mmoja nyuma ya mtu wa mwisho, na wa nyuma hampiti mtu yeyote hata kama amechoshwa. Wa mbele ndiye anayekosea zaidi: anatembea, anasimama kungoja, na wa mwisho akifika tu, anaondoka. Hivyo wenye nguvu wamepumzika dakika 10 na dhaifu hakupumzika hata moja. Saa ya mapumziko ianze kuhesabiwa mtu wa mwisho anapokaa. Kipimo rahisi cha mwendo ni mazungumzo. Mtu akishindwa kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, mnaenda mbio.

Mkikutana na nyumbu au yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, waliobeba mizigo kwenye njia nyembamba, wapange wageni upande wa mlima, kamwe si upande wa korongo. Mnyama hajui upana wa mzigo wake, na gunia likimsukuma mtu, mtu huyo anaenda chini.

Tumbo huharibu safari nyingi kuliko mwinuko, na huharibu za watu wengi kwa mpigo. Beseni la maji na sabuni liwekwe mlangoni pa hema la kulia, na wewe usimame hapo mpaka kila mtu anawe. Tangazo pekee halifanyi kazi. Maji yachemshwe. Kwenye mita 4,500 yanachemka kwenye nyuzi kama 85 tu, lakini yanatosha kuua vijidudu. Yaache yatokote dakika 3. Vidonge vya klorini haviui kila kitu, na kriptosporidiamu, kijidudu cha kuharisha, ni mmojawapo anayesalimika. Chujio la nyuzi laini likiganda mara moja limekufa, hata kama kwa macho linaonekana zima, hivyo hulala ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mwenyewe, betri na simu. Anayeharisha mpe maji ya chumvi na sukari: vijiko 6 vya chai vya sukari, visawazishwe, na nusu kijiko cha chumvi, kwa lita moja ya maji safi. Chupa ya maji usiku wa baridi isimamishwe kichwa chini, kwani barafu huanza juu, na asubuhi mdomo wa chupa utakuwa wazi.

Macho hayazungumzwi vya kutosha. Theluji hurudisha jua usoni, na saa 6 hadi 12 baadaye mtu anahisi mchanga machoni na hawezi kuyafumbua. Kila mtu awe na miwani myeusi yenye kufunika pembeni, na msafara uwe na 2 za akiba, wapagazi wakihesabiwa. Zikikosekana, kata katoni, toboa mstari mwembamba wa kuonea, funga kwa kamba.

Hali ya hewa: tazama mbali. Tarehe 12 Oktoba 2014 kimbunga Hudhud kilitua pwani ya mashariki ya India. Siku 2 baadaye mabaki yake yalimwaga theluji nzito kwenye milima ya Annapurna, Nepal, na watu wasiopungua 40 wakafa, wageni, waongozaji na wapagazi, wengi wao karibu na kipito cha Thorong La, mita 5,416. Oktoba ni mwezi unaosifiwa kwa anga safi huko. Baadhi walikuwa wamepata kibanda, wakatoka kuteremka wakati njia haionekani. Kwa hiyo uliza habari za hewa za nchi ya jirani, na weka saa ya kugeuka, yaani saa ya kuanza kurudi hata kama hamjafika, kabla hamjaondoka kambini. Itamke mbele ya wote, iandike. Saa ya kugeuka iliyopangwa mkiwa mmebakiza mita 100 huwa haipo.

Helikopta isikupe kiburi. Hairuki usiku, hairuki kwenye wingu, na bima nyingi za safari zina ukomo wa mwinuko. Ukomo huo usomwe nyumbani. Nambari ya dharura na nambari ya bima ziandikwe kwenye daftari lako, si kwenye simu iliyoganda.

Wapagazi nao ni jukumu lako. Wengi hutoka mabonde ya chini na huugua mwinuko kama mgeni yeyote, ila wao hawasemi, kwa kuwa kusema ni kupoteza ujira. Wapime kwenye orodha ileile ya jioni. Kagua viatu, koti, miwani na mahali pa kulala pao kabla ya kuondoka, na mizigo ipimwe kwa mizani mbele yao. Kwenye Kilimanjaro mzigo wa msafara una ukomo wa kilo 20. Mpagazi mgonjwa akilipwa na kuambiwa arudi nyumbani peke yake, huko ni kumtupa. Anashuka na mwenzake anayeelewa lugha yake, akiwa na pesa za matibabu, na jina lake linabaki daftarini mpaka habari ije kwamba amefika.