Dogo ahame California aende Texas?

Mkuu umesema dogo wako yupo California anataka kuhamia Texas kisa jimbo halikati kodi ya mshahara. Ni kweli, ila ya serikali kuu iko palepale, na kodi ya majengo Texas ni kali, mpangaji nae anailipa humohumo kwenye pango. Kampuni zinahama kweli, Tesla ya magari ya umeme ilipeleka makao makuu Austin, hukohuko Texas, 2021, lakini kiwanda cha Fremont kimebaki California na watu wanapiga kazi (hata Kariakoo walifunga maduka 2023 kisa kamatakamata ya TRA, mbona hawakuhamia Morogoro, wateja wapo pale). Aangalie kwanza fani yake inaajiri wapi, akiwa na ofa mkononi ndo apige hesabu ya pango, bima na gari, maana Texas bila gari atateseka.