Nowak ni jina la Kipolandi
Je, jina la ukoo Nowak ni la Kijerumani? Hapana, hata kama umelikuta Bochum na Dortmund, miji ya Ujerumani. Ni la Kipolandi, kutoka "nowy", yaani mpya: mtu aliyehamia kijijini akaitwa mgeni, na jina likamganda. Ndilo linaloongoza kwa wingi Poland, watu kama 200,000. Ujerumani lilienea hasa na wachimba makaa ya mawe waliokwenda bonde la Ruhr, iliko miji hiyo, mwishoni mwa karne ya 19.

Ila angalia herufi. Wapolandi huandika w wakatamka v, kwa hiyo Novak wa Marekani anaweza kuwa na asili ya Poland, lakini pia ya Ucheki au Slovenia, ambako jina hilohilo ndilo namba moja.