Ukitaka kuiga mawimbi kwenye nyasi za baharini, anza na ratiba ya maji

Wanafunzi wa uhandisi na wa sayansi ya bahari hunijia kila mwaka hapa Mombasa na swali lile lile: nitumie programu gani? Mradi wao ni kuiga kwa kompyuta jinsi mawimbi yanavyodhoofika yakipita kwenye nyasi za baharini au kwenye mikoko. Huwaomba waiache programu kwanza, wafungue ratiba ya maji ya bandari ya Kilindini, yaani ya kujaa na kupwa kwa bahari. Wengine hudhani nawazungusha. Hapana. Kwenye pwani hii, kina cha maji huamua jibu kuliko kitu kingine chochote utakachokiandika kwenye faili lako.

Maji ya bamvua hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti haifiki hata nusu ya hapo. Sasa chukua wimbi refu lenye kimo cha sentimita 40. Likipita kwenye kina cha mita 1, maji ya karibu na sakafu husukumwa mbele na nyuma kwa kasi inayofikia kama mita 0.6 kwa sekunde. Kwenye kina cha mita 4, wimbi la kimo kile kile husukuma kwa mita 0.3 tu. Nishati inayopotea kwa ukinzani wa majani hufuata kasi kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo kasi ikipungua nusu, hasara inabaki thumuni. Tena kwenye kina hicho kikubwa nishati ya wimbi husafiri kwa mwendo maradufu, kwa hiyo sehemu inayoliwa na kila mita ya nyasi hushuka hadi moja ya kumi na sita. Nyasi ni zile zile, mahali ni pale pale. Kilichobadilika ni saa.

Halafu kuna mwamba. Kuanzia Nyali hadi Bamburi na kuendelea, mwamba umejipanga sambamba na ufuo, na nyasi ziko upande wa ndani. Maji yakipwa, mawimbi ya bahari kuu huvunjikia mwambani na ndani kunabaki shwari. Maji yakijaa, mwamba unazama na mawimbi yanapita juu yake. Kwa hiyo saa ambayo mawimbi makubwa yanafika ufukweni, hasa wakati wa kusi, ndiyo saa ambayo nyasi zimefunikwa na maji mengi zaidi na uwezo wao wa kuyapunguza uko chini kabisa. Ukiendesha modeli yako kwa kina kimoja cha wastani utapata asilimia nzuri ya kuweka kwenye slaidi, lakini asilimia hiyo haitakuwa ya saa yoyote ambayo ufukwe uko hatarini. Hili ndilo nataka ulishike kabla ya mengine yote: endesha mzunguko mzima wa maji, bamvua na maji mafu, na kusi uitenge na kaskazi.

Tukubaliane pia kuhusu sifuri. Ramani za baharini na ratiba ya maji huhesabu kina kuanzia maji ya chini kabisa. Wapima ardhi huhesabu kuanzia usawa wa wastani wa bahari. Ukiunganisha vipimo vya pande hizi mbili bila kuvioanisha, nyasi zako zitakuwa kwenye kina ambacho hakipo Nyali wala Shanzu. Andika juu ya kila faili sifuri yake ni ipi.

Sasa nyasi zenyewe. Hesabu nyingi tunazotumia zilianza kwa kuuona mmea kama safu ya vijiti vigumu. Nguvu ya maji kwenye kijiti hutoka kwenye mlinganyo wa Morison wa mwaka 1950, uliotungwa kwa ajili ya nguzo. Mwaka 1984 Dalrymple, Kirby na Hwang waliutumia kupata jinsi kimo cha wimbi kinavyopungua likipita kwenye msitu wa vijiti, na mwaka 2004 Mendez na Losada wakaupanua kwa mawimbi yasiyo sawa, kama yalivyo mawimbi ya kweli. SWAN, programu huru ya Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, imejengwa juu ya kazi hizo. Inakudai namba nne kwa kila tabaka la mmea: kimo, upana, idadi kwa mita ya mraba, na mgawo wa ukinzani, yaani namba inayoonyesha mmea unayapinga maji kwa kiasi gani.

Lakini jani la nyasi halisimami wima likipigwa. Hulala na kwenda na maji kama kuti la mnazi kwenye upepo, na sehemu yake kubwa, ikienda pamoja na maji, haipingani nayo. Watafiti Luhar na Nepf waliipa hali hii hesabu inayotumika kirahisi. Swali lao ni hili: jani gumu linalopata nguvu sawa na jani hili linalopinda lingekuwa na urefu gani? Urefu huo wa jani gumu ndio urefu fanisi. Ili kuupata unahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni namba ya Cauchy, inayolinganisha msukumo wa maji na ugumu wa jani. Cha pili ni uwiano wa urefu wa jani na umbali ambao maji husogea mbele na nyuma. Zidisha hivyo viwili. Jani likiwa refu kuliko mwendo wa maji, urefu fanisi ukigawanywa kwa urefu halisi hukaribia moja chini ya kipeuo cha pili cha kipeuo cha pili cha zao hilo, yaani unatafuta kipeuo cha pili mara mbili mfululizo, kisha unagawa moja kwa jibu hilo.

Fanya hesabu hii kwa mkono walau mara moja. Tuseme jani lina urefu wa sentimita 30, upana wa sentimita 1, unene wa milimita 0.3, na moduli ya Young (ugumu wa mata yenyewe) ya megapaskali 400. Wimbi lina kipindi cha sekunde 6 na maji husogea kwa mita 0.2 kwa sekunde. Namba ya Cauchy inakuja kama 1,230. Mwendo wa maji kila upande ni sentimita 19, kwa hiyo uwiano wa pili ni karibu 1.6. Ukimaliza hesabu, jani lako la sentimita 30 linafanya kazi ya jani gumu la sentimita 4 na nusu hivi. Ukiiambia SWAN kwamba kimo ni 30, umezidisha ukinzani karibu mara 7, na modeli itakupa ufukwe uliolindwa vizuri ajabu.

Kuna faida nyingine kwenye hesabu hiyo ambayo watu huipita mbio. Kwa kuwa jibu linapitia kipeuo cha pili mara mbili, upungufu wa usahihi kwenye ugumu wa jani hupozwa sana. Moduli ya Young ikiwa si sahihi kwa mara mbili nzima, urefu fanisi hubadilika kwa asilimia 19 tu. Unene unaingia kwa kipeo cha tatu kwenye ugumu, kwa hiyo ukiukosea kwa asilimia 20, ugumu unapotoka kwa asilimia 73, na bado urefu fanisi unasogea kwa asilimia 15 tu. Idadi ya majani kwa mita ya mraba haina huruma hiyo. Ukihesabu nusu, hasara ya nishati nayo inakuwa nusu, moja kwa moja. Nimeona watu wakihangaika miezi kutafuta mashine ya kupima ugumu wa jani, huku idadi ya mashina wameichukua kwenye makala ya bahari nyingine kabisa. Saa zako za maji kupwa ni chache. Zitumie kuhesabu.

Beba fremu ya mraba ya sentimita 25 kwa 25. Eneo lake ni moja ya kumi na sita ya mita ya mraba, kwa hiyo kila shina unalolihesabu linasimama badala ya mashina 16. Hesabu mashina, kisha majani kwa kila shina, maana hesabu ya Luhar na Nepf ni ya jani moja moja. Weka fremu kwenye mstari kuanzia ufukweni kuelekea mwambani, na pale penye vipara weka pia, usikimbilie penye nyasi nene peke yake. Unene upime kwa maikromita bila kulibana jani. Majani yahifadhi kwenye maji ya bahari hadi umalize kuyapima, kwa sababu jani likikauka linakuwa gumu na halifai tena.

Tambua pia ni nyasi gani. *Thalassodendron ciliatum*, ambayo ni nyingi sana ndani ya miamba yetu, ina shina refu lenye asili ya mti na shada la majani juu. Shina halipindi kama majani. Mimi huigawa katika tabaka mbili, shina chini kwa kimo chake halisi na majani juu kwa urefu fanisi, na SWAN inaruhusu hivyo. *Enhalus acoroides* ni kinyume chake: majani marefu yanayotoka chini kabisa, mengine yakipita mita 1. Ukizitia zote kwenye namba moja ya nyasi, hutajua kamwe kwa nini modeli inakubaliana na vipimo mahali pamoja na kukataa pengine.

Mgawo wa ukinzani unastahili tahadhari ya pekee. Migawo mingi iliyochapishwa ilipatikana kwenye mifereji ya maabara kwa kutumia mimea inayopinda, halafu waandishi wakaihesabu kana kwamba mmea umesimama kwa kimo chake chote. Mgawo kama huo tayari umemeza kupinda ndani yake. Ukiuchukua huo na wakati huo huo ukatia urefu fanisi, umehesabu kupinda mara mbili na nyasi zako hazitafanya lolote. Amua njia moja: ama mgawo uliokwisha kumeza kupinda pamoja na kimo kizima, ama mgawo wa jani gumu pamoja na urefu fanisi. Mimi napenda njia ya pili, kwa sababu inabaki na maana wimbi linapobadilika. Ile ya kwanza inafaa tu kwa mawimbi yanayofanana na yale ya jaribio lenyewe.

Programu sasa inaweza kuchaguliwa. SWAN hufuata wastani wa nishati, ni nyepesi, na inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida kwa eneo zima kuanzia nje ya mwamba hadi ufukweni. SWASH, nayo ya Delft, hufuata kila wimbi moja moja, kwa hiyo inaona vizuri mawimbi yanavyovunjika mwambani na maji yanavyolundikana nyuma yake, lakini inadai gridi ndogo, yaani miraba midogo ya kugawia eneo, na subira. Modeli inayopindisha kila jani ndani ya OpenFOAM, programu ya kuiga mtiririko wa maji kwa undani, ni ya kuelewa kipande kidogo cha nyasi. Usiianze kwa ajili ya ufuo mzima.

Yoyote utakayochagua, iendeshe kwanza bila mmea wowote. Kama mawimbi yanapungua kwenye sakafu tupu zaidi kuliko msuguano unavyoruhusu, gridi yako ndiyo inayoyala. Ipunguze nusu uone kama jibu linatulia. Kisha tia vijiti vigumu kwenye sakafu tambarare na ulinganishe na jibu la 1984, ambalo linaandikika kwenye mstari mmoja. Halafu ndiyo ulete nyasi za Nyali.

Mikoko ni habari tofauti, na mara nyingi huchanganywa na hii. Ndani ya hori za Tudor na Port Reitz mawimbi ya bahari kuu hayaingii kwa nguvu. Kinachofika huko ni mawimbi mafupi ya upepo na ya vyombo. Mizizi ya mkoko ni migumu, kwa hiyo ile hesabu ya vijiti inaifaa vizuri, mradi uigawe kwa tabaka: mizizi mingi chini, shina moja juu. Mchu na mlilana huchomoza mizizi ya hewa kutoka kwenye tope, mifupi na mingi, nayo ihesabiwe kwa fremu vile vile. Miche michanga ndiyo inayopinda. Wanaopanda miche wanataka kujua kama itastahimili mawimbi kabla haijaanza kuyazuia, na hilo ni swali zuri zaidi kwa modeli kuliko kuuliza msitu mzima unazuia kiasi gani.

Kuhusu vipimo vya mawimbi, vipima shinikizo vilivyofungwa sakafuni ndivyo vinavyofaa, kimoja kabla ya nyasi na vingine ndani yake, kwa mstari mmoja. Kumbuka shinikizo la mawimbi mafupi hufifia kabla ya kufika chini, kwa hiyo lazima ulirekebishe kwa kina, na urekebishaji huo una kikomo: mawimbi mafupi sana yatakuletea kelele tupu. Ikiwa eneo lako liko ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, utahitaji ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, pamoja na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Anza mapema, maana bamvua halisubiri barua. Na kabla ya kufunga chochote, waamkie wavuvi wa pale, uwaeleze wazee unafanya nini. Wanajua nyasi zilipoondoka na zilipokuja, na mlango wa mwamba unaopitisha mawimbi, kuliko ramani yoyote uliyo nayo.

Ukifika kwenye kuandika ripoti, usimpe mwenye hoteli au ofisi ya kaunti asilimia moja. Mchoro wa kimo cha wimbi dhidi ya saa, kwa siku ya bamvua wakati wa kusi, wenye mistari miwili, pamoja na nyasi na bila nyasi, unawaonyesha saa ambazo nyasi zinawasaidia na saa ambazo haziwasaidii. Chini yake weka mchoro wa pili wa siku ya maji mafu. Asilimia wakiitaka, waambie ni ya kimo au ya nishati, kwa sababu kimo kikipungua asilimia 30 nishati imepungua zaidi ya nusu, na mtu anayejenga ukuta wa mawe anahitaji kujua ni ipi uliyompa.