Maswali na majibu: Kodi ya mwenye nyumba, mfuko wa mpangaji

Nimepanga Nkuhungu, Dodoma. Nikinunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) mwanzo wa mwezi inakatwa 1,500. Mwenye nyumba anasema ni mambo ya TANESCO.

Anakuzuga. Hiyo ni kodi ya majengo. Ilianza kukatwa kwenye mita mwaka 2021 ikiwa 1,000, ikapanda kufika 1,500 mwaka 2023. TANESCO wanakusanya tu, mdaiwa ni mwenye jengo. Tunza meseji za tokeni, mwisho wa mwaka ni 18,000, mkatane kwenye kodi ya chumba. Na kama nyumba ina mita nne na zote zinakatwa, aende akaombe ibaki moja. Haendi kwa sababu haimuumi: nyie mnatoa 6,000 kwa mwezi kwa nyumba inayodaiwa 1,500.

Kodi ya majengo na pango la ardhi si kitu kimoja?

Hapana. Nimeshajibu hili mpaka nimechoka. Moja ni ya jengo, nyingine ni ya kiwanja. CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia viwanja vya Dodoma, ilivunjwa mwaka 2017, lakini deni la kiwanja chako bado lipo.

Nina fremu Sabasaba, 200,000 kwa mwezi, nalipa miezi sita. Mwenye fremu anataka hela yake kamili, eti kodi ya zuio ni juu yangu.

Hapa ndipo wafanyabiashara wa Dodoma wanapopigwa. Miezi sita ni 1,200,000. Asilimia 10, yaani 120,000, unaizuia wewe na kuipeleka TRA (mamlaka ya mapato) kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Yeye unampa 1,080,000 na hati ya zuio. Kodi ni yake, wewe ni mpelekaji. Ukimpa 1,200,000 mkononi halafu TRA wakakudai, ile 120,000 inatoka kwenye mtaji wako, na tunajua inakoishia: kwenye bei ya mchele na sukari ya mama wa Chang'ombe ambaye hana fremu wala nyumba.

Najua utasema ukibisha atampa fremu mtu mwingine. Kweli, tangu serikali ihamie huku fremu zinagombewa. Basi jadilini bei ya fremu kabla ya kusaini, na iandikwe. Ila usikubali ule mchezo wa mkataba wa 80,000 wa kuonyesha TRA na mwingine wa mdomo. Siku akikutoa kabla ya muda na ukaenda kudai chenji yako, karatasi itasoma 80,000.

Baba ana miaka 67, anaishi kwenye nyumba yake Kizota. Bado anakatwa kodi ya majengo.

Nyumba moja anayoishi mwenyewe inasamehewa akishafika 60, lakini msamaha haujileti. Apeleke maombi na kitambulisho. Vyumba anavyopangisha ni habari nyingine.

Duka la vifaa vya ujenzi wananiambia 45,000 bila risiti, 53,000 na risiti. Nichukue ipi?

Ya risiti, na usiwape 53,000 kirahisi. Hiyo nyongeza ni VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18, na kisheria bei uliyotajiwa inatakiwa iwe nayo tayari. Asiyesajiliwa VAT haruhusiwi kuiongeza kabisa, na mauzo yasiyofika milioni 200 kwa mwaka kwa kawaida hayamlazimishi kusajiliwa. Angalia risiti: kama hakuna VRN (namba ya usajili wa VAT), hiyo 8,000 imeingia mfukoni kwake.