Kusoma teolojia Katoliki ukiwa mlei: kabla hujalipa ada uliza hicho cheti ni cha nani

Mkuu umeuliza mambo matatu. Una digrii ya uhasibu, siyo padre wala frateri, unataka kujua kama fakulti ya teolojia ya Kanisa itakupokea, itakula miaka mingapi, na hicho Kilatini ni lazima kweli au ni mbwembwe tu. Najibu kwa nilichopitia mwenyewe, maana nimesota humo miaka minane na ushee, na mwaka mmoja na nusu kati ya hiyo niliutupa kwa uzembe wa kutouliza swali moja.

Kupokelewa utapokelewa, hilo lisikunyime usingizi. Kanuni ya 229 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema wazi kwamba walei wana haki ya kusoma kwenye vyuo vikuu na fakulti za Kanisa na kupata digrii zake, wanaume kwa wanawake. Darasani kwetu kulikuwa na masista, mama mmoja mstaafu aliyekuwa anatupiga bao wote kwenye Kigiriki, na mimi. Makaratasi wanayotaka ni yale yale ya kawaida: cheti kinachokuruhusu kuingia chuo kikuu huko uliko, transkripti, na barua ya kukutambulisha mwenendo wako. Mseminari anaandikiwa na wakubwa wake, mlei kwetu alikuwa anaandikiwa na paroko. Yangu ilikuwa mistari minne na mhuri, na ule mhuri ulikuwa mkubwa kuliko barua yenyewe. Kitu kimoja wengi hawakijui, Veritatis Gaudium, yaani Katiba ya Kitume ya Papa Fransisko ya mwaka 2017 inayoendesha hizi fakulti zote, inataka vyuo viweke utaratibu hata kwa wakimbizi ambao hawana vyeti mkononi. Kwa hiyo kama kuna anayesoma hapa na karatasi zake zilibaki alikokimbia, asikate tamaa, aulize huo utaratibu.

Sasa nilipoangukia mimi. Nilijiunga na taasisi moja (jina naliacha) baada ya kusikia tu "digrii ya teolojia ya Kikatoliki", nikalipa, nikaanza, walimu wazuri tu, nikasoma semista tatu. Siku moja naongea na padre mmoja kuhusu kuendelea na lisensiati, yaani digrii ya pili ya Kanisa baada ya bakalaurea ambayo ndiyo ya kwanza, akaniuliza, "Hiyo bakalaurea yako ni ya teolojia au ya sayansi za dini?" Nikamwambia si kitu kimoja hicho? Akacheka mpaka akavua miwani.

Sio kitu kimoja. Kuna bakalaurea ya teolojia takatifu, hii ndo wanaandika STB, inatolewa kwa mamlaka ya Kiti Kitakatifu, yaani Vatikani, na ndiyo mlango wa lisensiati ya teolojia, STL, halafu udaktari. Kuna bakalaurea ya sayansi za dini, miaka mitatu, nayo ni ya Kanisa kabisa na ni nzuri kwa katekista au mwalimu wa dini, ina lisensiati yake ya miaka miwili juu, ila hiyo ni reli nyingine, huwezi kushuka nayo ukadandia ya teolojia bila kurudi nyuma kujazia. Na kuna digrii za teolojia zinazotolewa na chuo kikuu kwa sheria za serikali, chuo kinaweza kuwa cha Wakatoliki na walimu wote mapadre lakini cheti hakina nguvu ya kikanisa. Vingine vinatoa vyote viwili, mfano KU Leuven pale Ubelgiji au Catholic University of America, mtu anachagua. Hakuna iliyo feki hapo, tatizo ni wewe unataka kwenda nayo wapi. Ukitaka kuajiriwa serikalini unaweza kukuta ya Kanisa haitambuliki moja kwa moja nchini kwako mpaka ihakikiwe, na ukitaka kufundisha seminari kuu, ile ya serikali haikusaidii, maana kanuni ya 253 inataka lisensiati au udaktari wa chuo kinachotambuliwa na Kiti Kitakatifu.

Ngoma inanoga zaidi kwa sababu unaweza kuisoma STB mahali ambapo si fakulti. Seminari nyingi zimeshirikishwa na fakulti fulani ya mbali, masomo unapata seminari, lakini cheti kinasainiwa na ile fakulti mama. Ushirika wa ngazi hiyo unaishia bakalaurea. Kwa hiyo swali la kuuliza siyo "mnafundisha teolojia?", uliza "cheti kitaandikwaje na kitatolewa na fakulti gani?" halafu waombe wakuonyeshe cha mtu aliyemaliza mwaka jana. Mimi ningeuliza hivyo ningeokoa semista tatu.

Miaka mingapi? Hapa ndo watu wanadanganyana sana. Utasikia miaka mitatu, mwingine mitano, mwingine sita, na wote wako sahihi. Duru ya kwanza ya teolojia, yaani bakalaurea, ni miaka mitano, semista kumi, na miwili ya mwanzo kazi yake kubwa ni falsafa. Kama falsafa ulishaimaliza kabla, unabakiwa na mitatu. Sita ni hesabu ya mapadre, kanuni ya 250 inawataka miaka sita kamili ya falsafa na teolojia, ndo maana frateri akikwambia "sita" anaongelea malezi yake, siyo digrii yako.

Mimi nilikuwa na digrii ya ualimu na nikajua nitapenya kwenye mitatu, si nilisoma falsafa ya elimu bwana, na mantiki, na maadili. Nikaenda kwa msajili, mama wa makamo, ana rula na penseli. Akaweka rula kwenye transkripti yangu akawa anashuka mstari kwa mstari. Mantiki, tiki. Maadili, tiki. Saikolojia akaruka, takwimu akaruka, sosholojia akaruka, kwenye falsafa ya elimu penseli ikasimama hewani kidogo nikashika pumzi, akaruka. Akageuza karatasi akaniambia, "Mwanangu, metafizikia iko wapi?" Haikuwepo. Falsafa ya maumbile haikuwepo, ya mwanadamu haikuwepo, historia ya falsafa kuanzia Wagiriki mpaka leo haikuwepo. Nikabisha sana siku ile, nikaandika na rufaa, ikagonga mwamba. Baadaye nikaja kuelewa kwamba yule mama hakuwa na roho mbaya, ni sheria: kwenye ile miaka miwili, ukitoa sayansi za jamii, falsafa yenyewe hasa lazima iwe angalau asilimia 60 ya krediti, iliwekwa na agizo la mwaka 2011 lililorekebisha masomo ya falsafa na Veritatis Gaudium ikaibeba. Walinisamehe kozi mbili tatu, nyingine zote nikakaa chini nikasoma.

Wewe na uhasibu wako mkuu jiandae hivyo hivyo. Digrii yako itakusaidia kuingia, kupunguza miaka itakupunguzia kidogo sana au hakuna kabisa. Na kama unawaza kufanya kazi huku unasoma, piga hesabu, uhasibu si ndo kazi yako: Vatikani iliingia mchakato wa Bologna, ule mpango wa nchi za Ulaya wa kulinganisha digrii zao, mwaka 2003 kwa hiyo fakulti nyingi zinahesabu krediti 60 kwa mwaka, na krediti moja ni kama saa 25 hadi 30 za kazi, darasani na nyumbani. Yaani 1,500 mpaka 1,800 kwa mwaka. Nililijua hilo baada ya kuchemka semista moja, sapu mbili, moja ya historia ya Kanisa ambayo niliidharau.

Onlaini? Kuna waraka wa mwaka 2021 kuhusu masomo ya masafa kwenye fakulti za Kanisa, unaruhusu sehemu ya masomo, ila ukikuta tangazo la STB yote ukiwa kitandani jiulize mara mbili. Kwetu mahudhurio yalikuwa yanapigiwa mstari kila kipindi na ukikosa zaidi ya theluthi ya kozi huingii mtihani, hata uwe na barua ya nani. Na wizi wa maandishi hawana masihara nao, kuna jamaa tulikuwa naye alinakili kurasa sita za makala ya Kifaransa akazitafsiri akaweka kwenye semina kama zake, hakujua mwalimu ndiye aliyeihariri ile makala. Kozi ilifutwa yote.

Lugha sasa. Kwa bakalaurea Kilatini kipo, wengi wanaweka semista mbili au zaidi, na Kigiriki cha Agano Jipya, na Kiebrania kidogo. Siyo mbwembwe. Tuliwahi kukaa saa mbili nzima kwenye kitenzi kimoja cha Lumen Gentium namba 8 (hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu Kanisa), ule mstari unaosema Kanisa la Kristo "subsistit in", takriban linadumu katika, Kanisa Katoliki. Rasimu ya mwanzo iliandika "est", yaani ni, Mtaguso ukabadilisha, na kwenye hilo badiliko ndo kuna mjadala mzima wa namna Wakatoliki wanavyowatazama Wakristo wengine. Tafsiri tatu tulizokuwa nazo mezani kila moja ilikuwa imekimbilia upande wake. Huna Kilatini unabaki kushangilia timu ya mtafsiri. Ila usiogope, hakuna anayekutaka uongee, ni kusoma na kamusi pembeni. Ukitaka kubobea kwenye Maandiko ndo shughuli pevu, pale Taasisi ya Biblia ya Roma Kiebrania na Kigiriki ndo msingi wa kila kitu, usiende mikono mitupu.

Mwisho wa bakalaurea kuna mtihani wa jumla, teolojia yote uliyosoma. Kwetu ulikuwa wa mdomo, unapewa orodha ya hoja miezi kadhaa kabla, siku yenyewe unaokota kikaratasi, unapewa dakika chache za kujiandaa halafu unakaa mbele ya walimu watatu. Mimi niliokota Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, ule uliofundisha kuhusu Kristo, nikafurahi moyoni maana naijua kama jina langu. Nikamwaga: nafsi moja, asili mbili, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Mwalimu wa dogma akaniangalia kwa upole akasema, "Vizuri. Mbona yote manne ni ya kukana?" Nikaganda. Manne nilikuwa nayo kichwani tangu mwaka wa pili na sijawahi kujiuliza hilo swali hata siku moja. Nikaja kujikongoja kwamba Mababa wa mtaguso ule walikuwa wanaweka uzio kuzunguka fumbo, hawakuwa wanalipasua kuangalia ndani, akatikisa kichwa, nikapona. Kwa hiyo unapokariri ile orodha kila hoja iulize kwa nini, watakachokuuliza ni hicho.

Lisensiati ni miaka miwili mingine, unachagua eneo moja, unaandika tasnifu. Angalia alama zako za bakalaurea tangu mapema maana fakulti nyingi zinaweka kima cha chini, na kuingia udaktari wanataka lisensiati yenye alama nzuri. Mimi nimeishia hapo, udaktari nauangalia kwa mbali. Huo udaktari una sharti ambalo wengi linawakamata wakiwa wamechoka: kutetea tasnifu hakutoshi, lazima angalau sehemu yake kuu ichapishwe. Karol Wojtyła, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo II, alitetea yake Angelicum, chuo cha Kanisa kule Roma, mwaka 1948 akapata alama za juu, lakini hakuwa na hela ya kuichapisha, kwa hiyo udaktari wenyewe akaja kutunukiwa nyumbani kwao Krakow mwaka huo huo.

Na yule mdau aliyedakia kuuliza kama angeruka teolojia akaenda Sheria za Kanisa moja kwa moja kwa sababu ni wakili: inawezekana, ila usitegemee njia ya mkato. Tangu mwaka 2002 lisensiati ya sheria hiyo ni miaka mitatu, na asiyetoka na teolojia anaanza na miaka miwili ya matayarisho, ambayo ina falsafa na teolojia ndani yake. Digrii ya sheria za serikali inaweza kukusamehe kozi fulani fulani. Nenda na transkripti yako, na umwombee Mungu mwenye rula siku hiyo awe amelala vizuri.