Toyota Ist yenye kodi ya kosa P0011: usifungue cheni ya taimingi, chomoa OCV (valvu ya oili) kwanza

Wewe uliyeuliza kuhusu Ist yako, mwambie huyo fundi aweke spana chini! Ist ya injini 1NZ, inatetemeka ikiwa sailensi (imewashwa, hujakanyaga mafuta), mashine imesoma P0011, halafu fundi anakwambia cheni imelegea na sensa ya kemu (shafti inayofungua valvu za injini) imekufa? Mimi niliambiwa hayohayo mwaka juzi, Allion, injini hiyohiyo, nikakubali kama kondoo.

Laki nne na nusu hiyo, cheni, tenshena (kikaza cheni) na sensa. Siku mbili nimekaa benchi la gereji natafuna mihogo, kava ya mbele iko chini, jamaa kajipaka silikoni mpaka kwenye nyusi. Kuwasha, taa ileile. Akafuta kodi ya kosa kwenye kompyuta nikaondoka, sijafika nyumbani imerudi na safari hii kaja na mwenzake, P0016, ambaye mwanzo hakuwepo kabisa!! Yaani kemu na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) hazisomani, kwa sababu bwana fundi wakati wa kufunga kavusha cheni jino moja. Nimemlipa mtu aniharibie taimingi iliyokuwa nzima. Mpaka leo tukipita pale wife ananiuliza kama nashuka kusalimia.

Fundi wa pili dogo tu, akachomoa kijiti cha oili, akanusa, akaniuliza unaweka oili gani, nikamwambia 20W-50 maana yule wa kwanza alinihubiria kwamba nzito ndo inalinda injini. Dogo akacheka. Akafungua bolti moja ya spana 10, akachomoa OCV, ile valvu inayopeleka oili kwenye VVT-i (mfumo unaobadilisha taimingi ya kemu), tope jeusi tii kama masizi ya kibatari. Akaigusisha kwenye betri, kimya. Nzima inagonga tak na unaona kabisa pini ya ndani inasogea. Akairudisha cheni kwenye alama, OCV nyingine, kichujio chake kikaoshwa, oili 5W-30, taa imezima mpaka leo.

Kemu kwenye VVT-i inasogezwa na presha ya oili, sasa P0011 inakwambia tu kemu imetangulia kuliko kompyuta inavyotaka, nani kaisukuma haisemi. Oili kwanza, OCV pili, kava ya mbele haiguswi kabla ya hapo hata fundi aape kwa mama yake. Hata kwenye gari unaweza kupima, injini ikiwa sailensi ipe OCV umeme wa betri kidogo tu, ikitetemeka vibaya au ikazima ujue valvu inafanya kazi, isipobadilika chochote mtuhumiwa ndo huyo.

Chomoa kijiti cha oili saa hii, futa kwenye tishu nyeupe, tupia picha hapa.