Azimio la kuipongeza Msumbiji

SWALI: Shikamoo Mhariri. Diwani wetu hapa Bagamoyo anataka Baraza lipitishe azimio la kuipongeza Msumbiji siku yake ya uhuru. Nimepewa kazi ya kuliandika. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Anza na tarehe, maana ndipo wengi wanapojikwaa. FRELIMO, harakati iliyopigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam 25 Juni 1962. Uhuru ukapatikana 25 Juni 1975. Siku na mwezi ni vilevile, miaka 13 kati yake. Ukichanganya, hesabu yote ya maadhimisho inaharibika. Na usiandike kwamba sherehe zilifanyika "Maputo": mji ulikuwa bado ukiitwa Lourenço Marques, jina likabadilishwa 1976.

Azimio lenyewe lisizidi ukurasa mmoja. Aya mbili tatu za "KWA KUWA", kila moja ikibeba jambo moja tu. Ya kwenu msiiache: FRELIMO ilikuwa na shule ya sekondari papo hapo Bagamoyo. Hiyo ina uzito kuliko maneno matamu ya undugu. Kisha "HIVYO BASI, Baraza linaazimia", na hapo kitenzi kiwe kupongeza. Msiahidi misaada wala mikataba. Mambo ya nchi za nje ni ya Muungano, na hoja itakwama hapo.

Diwani ampelekee Mkurugenzi taarifa ya hoja kwa maandishi, ndani ya muda uliowekwa na kanuni za kudumu za halmashauri. Awe na wa kumuunga mkono. Asipopatikana, hoja haijadiliwi.